Piganeni Angani, Msigombane Mezani

Kabla ya kuchanga karata, someni kijitabu cha sheria. Chote, kwa sauti, hata kama wageni wanahema kwa hamu ya kurusha meli. Ugomvi wa Star Realms huanza mtu anaposema, "Mimi nilivyofundishwa...", na ukishaanza, chai inapoa.

Mchezo wenyewe, kazi ya Robert Dougherty na Darwin Kastle, ulitoka mwaka 2014. Wachezaji ni wawili, kila mmoja ana uhai 50 na karata 10: Scout 8 za kuleta pesa na Viper 2 za kupiga. Katikati kuna soko la karata 5. Nunua, jenga jeshi, mshushe mwenzako mpaka sifuri. Anayeanza hushika karata 3 badala ya 5. Hiyo imo kijitabuni, si hisani ya mwenye nyumba, na msiiguse, kwani anayeanza ndiye anayetangulia sokoni.

Sasa tuingie vitani. Kesi inayorudi kila wiki ni ya karata za rangi moja kusaidiana. Chukua Blob Fighter, ya kijani, bei 1. Inapiga 3, na ukiwa na kijani nyingine mezani unaokota karata. Umeitoa ikiwa peke yake, kisha ukatoa kijani ya pili. Je, ile ya kwanza inaokota? Inaokota. Nani katangulia si hoja, na hata kituo cha kijani ulichoweka zamu zilizopita kikabaki mezani kinahesabika. Anayebisha mpeni karata aisome mwenyewe, kidole chini ya maneno.

Kisha kuna Stealth Needle, mama wa mabishano yote. Inaiga meli nyingine uliyocheza zamu hiyohiyo. Meli, si kituo. Ikiiga inabaki nyekundu na kuvaa pia rangi ya ile iliyoigwa. Kwa hiyo ukiiga Blob Fighter una kijani mbili mezani, na kila moja inaokota. Mpinzani atapiga kelele. Mwache amalize, endelea kuokota.

Vituo havibebi majeraha. Chenye ulinzi wa 5 hakivunjwi kwa 3 leo na 2 kesho. Zamu ikiisha kimepona. Chenye neno Outpost ni lazima ukivunje kwanza, ndipo umguse mpinzani mwenyewe au vituo vyake vingine. Lundo lako lisipotosha ukiwa unaokota, maliza zilizobaki, changa zako za kwenye rundo la kutupa, endelea. Zilizo mezani zamu hiyo hazichangwi.

Sheria za nyumbani nazipenda. Aliyecheza lasti kadi anajua kila mtaa una zake, na mchezo haujafa kwa sababu hiyo. Ila zitajwe kabla ya karata kugawiwa na ziandikwe kwenye karatasi inayokaa mezani. Sheria inayokumbukwa na mtu aliyebakiwa na uhai 4 haiandikwi, hata akiwa shemeji.

Moja naipendekeza kwa moyo wote. Soko likiganda, karata zote 5 ni za bei ya 6 kwenda juu nanyi mnashika pesa 2, kijitabu kinawaachia Explorer za bei 2 tu. Wawili mkikubaliana, fagieni soko, zile 5 ziende chini ya lundo la soko, mfunue nyingine. Hapo hakuna anayeonewa, na mwanzo haudorori.

Nyingine naikataa kabisa: kuweka akiba ya pesa mpaka zamu ijayo. Inaua uamuzi mtamu kuliko yote, ule wa kujiuliza kama ununue kikaratasi cha bei 1 ambacho kesho kitakujazia mkono, au uache pesa ipotee jeshi lako libaki jembamba na kali. Wengi hupoteza mchezo kwa kununua kila kinachonunulika.

Na likizuka jambo ambalo hamlioni kijitabuni wala kwenye karatasi yenu? Rusheni sarafu, fuateni jibu lake mpaka mchezo uishe, bila kinyongo. Kisha, kabla ya kurudisha karata kwenye kasha, kaeni wote wawili mwamue litakuwaje safari nyingine, na aliyeshindwa ndiye aandike.