Majibu Yameingia, Daktari Hayupo

Minneapolis, Marekani

Shangazi,

Umeuliza kama nimekwenda hospitali. Nimekwenda, ila siku hizi hospitali yenyewe iko kwenye simu. Daktari nilimwona dakika chache tu. Miadi, dawa, majibu ya vipimo na bili, vyote viko kwenye tovuti ya hospitali, na kuifungua inatakiwa nywila, halafu unatumiwa namba nyingine ya siri kuhakikisha kwamba wewe ndiye wewe. Huko nyumbani daftari la zahanati tulinunua dukani, tukaandika jina juu, basi.

Kasheshe ni majibu. Ijumaa moja asubuhi nimetolewa damu. Jioni nasonga ugali, simu ikalia: majibu tayari. Daktari mwenyewe hajayaona! Wala si hitilafu. Kuna sheria ya mwaka 2016, na tangu Aprili 2021 kanuni zake zinakataza hospitali kumzuilia mgonjwa taarifa zake bila sababu maalumu. Kwa hiyo yanakujia mabichi, saa yoyote. Yangu yalikuwa na alama nyekundu: sodiamu 134, na mpaka wa chini ni 135. Ugali ukaungua. Mpaka Jumapili nilishagawa shamba la Muheza kichwani, na wewe Shangazi nilikukumbuka, minazi yote ni yako.

Jumatatu daktari akaandika maneno mawili: hakuna tatizo. Kumbe mipaka hiyo mara nyingi huwekwa kwa kupima watu wazima wa afya, kisha asilimia 5 hivi ya hao hao wenye afya huachwa nje. Ukipimwa vitu 20, kimoja kuwa chekundu si ajabu. Hilo lilitakiwa kuandikwa juu, kwa herufi kubwa, kabla ya wino mwekundu.

Hata hivyo sheria yenyewe naiunga mkono. Unakumbuka nilipolazwa utotoni, muuguzi akimnong'oneza baba pembeni, nami mwenye ugonjwa nimebaki kukodoa macho? Huku nasoma hata maelezo ambayo daktari ameandika kunihusu. Ameandika kwamba mimi ni mtu wa kupendeza, na uzito umezidi. Mama watoto anasema la kwanza ni uzushi.

Kumwandikia daktari pia inawezekana, ila kisanduku kina kikomo cha herufi. Mtu aliyelelewa na wewe ataanzaje kueleza kiuno kinachouma bila kuuliza nyumbani hawajambo? Salamu zikajaza kisanduku, kiuno kikabaki nje. Akajibu muuguzi, maana mara nyingi wauguzi ndio husoma kwanza: shida yako ni nini? Tena hospitali nyingine hutoza pesa ujumbe ukimchukulia daktari muda, kwa hiyo huko salamu zitakuwa na bei.

Sasa kaa chini, Shangazi. Mjukuu wako ametimiza miaka 13. Hospitali nyingi huku, mtoto akifika 12 au 13, mzazi hufungiwa sehemu kubwa ya faili lake, kwa sababu kuna mambo ambayo kijana ana haki ya kuyazungumza na daktari faragha. Asubuhi naingia kutazama chanjo zake, naambiwa sina ruhusa. Aliye na ruhusa ni yeye. Mimi ninayelipa bima! Nikamwendea chumbani, nikabisha hodi, nikamwomba kwa adabu anikubalie.

Amesema atalifikiria.

Wasalimie wote hapo Tanga.

Mwanao