Paa Limeshaandikwa

Mto Ruvuma hauna haraka ya kufika baharini. Ukishapita Kilambo, ambako watu wa Mtwara huvukia kwenda Msumbiji, unapunguza mwendo, unatanuka, unajigawa ndani ya mikoko mpaka haijulikani tena wapi mto umeishia na wapi bahari imeanza. Sehemu hiyo pamoja na Ghuba ya Mnazi, serikali ya binadamu iliitangaza kuwa hifadhi ya bahari mwaka 2000. Wanyama hawakupata taarifa. Wao walikuwa tayari wana chama cha ushirika.

Chama kilikuwa cha korosho, maana huko kusini hata asiyekula korosho ana deni linalosubiri korosho. Ghala lao lilisimama kwenye mwinuko mkavu nyuma ya mikoko: kuta za fito na udongo, paa la makuti. Mwenyekiti alikuwa Kiboko, aliyechaguliwa kila mara bila kupingwa, kwa sababu hakuna aliyewahi kumpinga akarudi kusimulia. Kobe alitunza ghala, Kaa alikuwa kwenye mizani, Kindi alipanga magunia, Ngedere alikuwa tarishi. Mkorosho uliotia kivuli mlangoni ulikuwa na wenyewe, maji moto, wale sisimizi wekundu wanaoshona majani wakaishi ndani yake. Hao hawakuwa wanachama. Hawakujaza fomu.

Kobe hakuwa na daftari. Idadi ya magunia aliiweka kwa kokoto ndani ya kifuu, na majina ya wakulima aliyaweka kichwani. Kifuu chenyewe leo kiko mlangoni, kesho kiko chini ya mwembe, keshokutwa kuna mtoto anachezea. Lakini alikuwa na desturi moja: akiona jambo haliko sawa alipiga kelele palepale, na aliyekuwa karibu aliitika. Kusi ikipeperusha kuti, Ngedere yuko juu ya paa kabla Kobe hajamaliza kulitaja. Gunia likichanika, Kindi keshatunga uzi kwenye sindano. Swali la kazi ya nani halikuwa limezuka bado.

Ndipo akaja Fisi wa kangomba. Kwa msomaji asiye wa kusini, kangomba ni ule ununuzi wa chini kwa chini: mkulima amebanwa na shida kabla ya mavuno, mwenye pesa anampa kiasi kidogo, na korosho ikiiva huwa imeshahesabiwa kuwa ya mwenye pesa. Fisi alimaliza vijiji vizima kwa njia hiyo, na aliposikia habari za kifuu akaenda ghalani mwenyewe.

"Shikamoo babu. Humo ndani kokoto 12 ni zangu."

Kobe akatazama ndani ya kifuu. Kokoto hazina majina. Fisi akaondoka na magunia 12, na Kanga, aliyekuwa ameyaleta, akabaki na watoto na shamba lenye majani makavu.

Wanachama wakasema basi, na walikuwa na haki. Binadamu wa Mtwara nao walipoingia kwenye stakabadhi ghalani mwaka 2007 walikuwa na uchungu wa namna hiyohiyo: mzigo upelekwe ghalani, upimwe, mkulima apewe karatasi yenye uzito na gredi, kisha uuzwe mnadani ambapo wakati ule kila mnunuzi aliandika bei yake na kuitumbukiza kwenye sanduku. Karatasi ile ni ngao ya mnyonge. Anayekuambia kwamba karatasi zote ni urasimu, mtazame vizuri meno.

Kobe akapewa cheo cha mshauri, yaani akaondolewa. Akaajiriwa Korongo kuwa katibu, ametoka semina Dodoma, anatembea kwa kuinua miguu juu juu asije akagusa tope. Wiki ya kwanza aligawa madaftari. Kila mfanyakazi awe na lake, aandike asubuhi orodha ya kazi zake, kila iliyokwisha aitie tiki. Meza iwe tupu jioni. Kila kitu na mahali pake. Na kwa kuwa Ngedere alikuwa na tabia ya kudandia kazi za wenzake, hasa akishapiga uraka, ile pombe ya mabibo, Korongo akaongeza sharti moja ambalo wakati ule halikumshtua mtu: usishike kazi isiyo kwenye orodha yako.

Mambo yakanyooka kweli. Msimu huo hakuna gunia lililopotea. Fisi alikuja, akaonyeshwa daftari, akaaga kwa adabu. Kanga alipewa stakabadhi yake ya kwanza maishani, akaikunja ndani ya khanga akalala nayo.

Aliyeng'aa kupita wote ni Kaa. Alichimba shimo la kalamu, shimo la mihuri, shimo la karatasi zilizoandikwa, shimo la karatasi zitakazoandikwa. Alikuwa na wino wa rangi nne. Bamvua likija, maji yanafukia mashimo yote, naye yakishatoka anayachimba upya kwa mpangilio uleule. Nusu ya siku yake ya kazi ilikuwa kupanga. Nusu ya pili ilikuwa kungoja maji yatoke apange tena. Korongo alimtangaza Mfanyakazi Bora, picha yake ikabandikwa kwenye shina la mkoko, na tangu hapo mtu akienda mizanini akamkuta yuko shimoni hakulalamika. Alijua kwamba mle ndani utaratibu unaendelea.

Mwaka huo Bi Kasa alipanda ufukwe wa Msimbati kutaga. Yeye huja baada ya miaka kadhaa, kwa hiyo mabadiliko huyaona kuliko wakazi. (Ana kesi ya zamani na ukoo wa Kaa kuhusu vifaranga vyake, lakini ofisini haikutajwa, haikuwa kwenye ajenda.) Korongo akamtembeza ghala lote. Bi Kasa akatazama rafu, akatazama mafaili, akatazama ile picha.

"Bibi yangu alisimulia habari za Waingereza wa karanga," akasema. "Walikuja mwaka 1947 na orodha ndefu kuliko ufukwe huu. Ekari zimeorodheshwa, matrekta yameorodheshwa, tani za karanga zimeorodheshwa na hazijapandwa bado. Bandari hapo Mtwara ikachorwa, reli ya Nachingwea ikachorwa. Ardhi na mvua ndivyo havikuwemo kwenye orodha. Mpango ukafutwa mwaka 1951. Bandari yao ya kina kirefu ikafunguliwa mwaka 1954."

"Kwa hiyo bandari ilikamilika," akasema Korongo, akaandika.

"Ilikamilika, mwanangu. Na reli ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960."

Korongo akamshukuru kwa mchango wake mzuri. Bi Kasa akarudi baharini.

Msimu uliofuata ulikuwa mnono. Salfa ilifika mapema, ubwiriunga, ule ugonjwa wa mikorosho, haukupata nafasi, na Oktoba magunia yakajaa mpaka usawa wa fito za juu. Desemba, mvua za kwanza zikaja na upepo, na upepo ukaondoka na makuti matatu ya upande wa nyuma.

Kindi aliliona tundu asubuhi ileile. Kwenye orodha yake kulikuwa na kazi iliyoitwa "kubaini changamoto". Akaandika: paa linavuja nyuma. Akatia tiki, kwa kuwa changamoto ilikuwa imebainika. Ngedere alipita juu akitoka kwenye uraka, akatumbukiza mguu. Zamani angelifunga hapohapo, tena akiimba. Safari hii akakumbuka kwamba yeye ni tarishi, akashuka, akaandika barua ya kurasa mbili, akaipeleka kwa katibu mwenyewe, kwa kuwa kupeleka barua ndiyo kazi yake. Akatia tiki. Korongo akaigonga muhuri, akaiweka kwenye faili la kijani, akaipandisha kwa mwenyekiti. Kiboko akatoa pua nje ya maji. "Nimelipokea," akasema, "tunalifanyia kazi." Pua ikazama. Tiki.

Na Kaa? Katika kupima upya alikuta magunia ya Kanga yameongezeka uzito. Mtu mwingine angeshtuka. Korosho haioti kilo ikiwa ndani ya gunia. Kaa akaandika uzito mpya kwa usahihi hadi robo kilo, akapiga mstari wa wino mwekundu chini yake, akajisikia vizuri.

Kobe alipiga kelele. Hilo lazima lisemwe. Usiku wa kwanza, wa pili na wa tatu alikaa nje ya ghala akipayuka kwamba maji yanaingia. Sauti ikamjibu kutoka mtini, ya Ngedere, tena kwa heshima zote: "Babu, andika barua."

Siku ya mnada wanunuzi wakaja kuangalia mzigo kabla ya kuandika bei. Furukombe akachota kiganja kutoka kila gunia, akapasua korosho mojamoja, akatazama kiini. Kilikuwa kimefanya ukungu, kuvu nyeusi imekula hadi katikati. Akampa Bweha anuse. Wote wawili wakafuta mikono kwenye nyasi. Sanduku la zabuni lilipofunguliwa mbele ya wanachama, alitoka buibui.

Kikao cha dharura kilikaa usiku, saa anazopenda mwenyekiti. Kila mmoja akasimama na daftari lake. Kindi akasoma tarehe aliyobaini. Ngedere akasoma nakala ya barua. Korongo akaonyesha muhuri wa kupokelewa. Kaa akasoma uzito wa kabla na wa baada, na wajumbe wakapiga makofi kwa jinsi tarakimu zilivyopangwa. Ikaonekana kwamba paa lilijulikana na ofisi nzima ndani ya siku moja, na kwamba hakuna aliyekosea. Ghala tu ndilo lililokosea.

Sasa, kikao kikiwa hakina mkosaji hakifungwi. Wakatafuta asiye na daftari. Kobe alikuwa mmoja, lakini alikuwa mzee, na kumfukuza mshauri kunahitaji barua. Wakabaki maji moto. Hao wameishi mlangoni siku zote, wameona yote, na hawana hata mstari mmoja ulioandikwa wa kuonyesha kwamba waliona.

Korongo akatumwa kuwahoji. Alikuta nao walikuwa wamekumbwa na upepo uleule. Kiota chao kikubwa kilipasuka upande mzima. Ila kilikuwa kimeshashonwa.

"Shikamoo, Katibu."

"Marahaba. Nani aliripoti uharibifu huu?"

"Jani lilifunguka."

"Nasikia. Nani msimamizi wa majani?"

"Jani lilifunguka, mkubwa. Waliokuwa karibu wakalishika."

"Walishika kwa idhini ya nani?"

Sisimizi wakatazamana. Mmoja akajaribu kueleza: wa kwanza wanauma ukingo wa jani na kuuvuta, jani likiwa mbali wanashikana viuno kufanya mnyororo mpaka lifikike, wengine wanaleta watoto wachanga wanaotoa uzi, wanawapitisha huku na huku mpaka pashikamane. Watafiti wa Naliendele, nje kidogo ya mji wa Mtwara, wamewachunguza sisimizi hawa kwa jinsi wanavyofukuza wadudu wanaofyonza machipukizi ya mkorosho. Korongo hakuja kwa ajili hiyo. Aliuliza kama kuna kumbukumbu ya maandishi, akaambiwa hakuna, akaandika kwenye ripoti: "Kazi imefanyika nje ya utaratibu."

Nikisema ukweli, nina huruma na Korongo. Alikuta ofisi inaibiwa, akaiachia utaratibu, na utaratibu ule ulimzuia Fisi. Alichoshindwa kuona ni kwamba Kobe hakuwa ameacha kifuu peke yake. Aliacha pia mazoea ya kuitikiana, na mazoea hayo hayakuwa na rafu, hayakukabidhiwa kwa maandishi, kwa hiyo siku ya makabidhiano hayakuhesabiwa. Sharti moja la mstari mmoja likayaua, na hakuna aliyeandika tarehe ya kifo chake.

Ripoti ilitoka na mapendekezo. Maji moto wapewe madaftari. Kaa apandishwe cheo. Aajiriwe karani wa kutunza madaftari, maana yamekuwa mengi na nafasi ya kuyahifadhi ni ndogo. Yahamishiwe upande wa mbele wa ghala, ambako hakuvuji.

Kanga bado anayo stakabadhi yake. Kilo zipo, gredi ya kwanza ipo, muhuri upo, saini ya Kaa ina rangi mbili. Kila Jumatatu anaipeleka chamani, na kila Jumatatu anathibitishiwa kwamba ni halali.

Nawe unayepeleka mzigo Oktoba hii, omba stakabadhi yako na usiondoke bila hiyo. Lakini kabla hawajakufungulia daftari, ingia ghalani kwanza, uangalie juu. Ukiona mwanga wa jua, uliza kwa sauti nani atapanda leo. Wakikujibu kwamba limeshaandikwa, pakia mzigo wako urudi nyumbani.