Foleni Nayo Isifiwe

Washairi wameusifu mwezi, bahari, jahazi na macho ya wanawake. Foleni haitajwi ila kwa kuguna, kama mkwe aliyefika bila taarifa wakati sufuria limeshaepuliwa. Dhuluma hiyo inafaa irekebishwe, na mahali pa kuanzia ni Urayasu, mkoa wa Chiba, kandokando ya Ghuba ya Tokyo. Huko, juu ya ardhi iliyopatikana kwa kuifukia bahari, ilifunguliwa Tokyo Disneyland tarehe 15 Aprili 1983, bustani ya kwanza ya Disney nje ya Marekani. Tangu siku hiyo Wajapani wamekuwa wakimiminika na watoto wao, na wengi wanadhani wanafuata bembea na treni za kasi. Wanajidanganya. Wanafuata foleni.

Hesabu inathibitisha. Safari ya Pooh's Hunny Hunt, mchezo wa dubu Pooh na asali yake, huchukua kama dakika 4 na nusu. Siku za mapumziko mwanzoni mwa Mei, sikukuu kadhaa zinapofuatana na nchi nzima kushika njia, si ajabu kibao cha mlangoni kikasomeka dakika 90. Maana yake ni kwamba kila dakika moja ya dubu na asali inakuja na dakika ishirini za kusimama. Mtu akitoka dukani na kilo ishirini za mchele na kilo moja ya sukari, akiulizwa nyumbani amenunua nini, hawezi kujibu sukari.

Wenye bustani nao wanalijua hilo, ndiyo maana wameipangia foleni bei. Mwaka 1983 tiketi ya mtu mzima ya siku nzima ilikuwa yeni 3,900. Siku hizi bei hupanda na kushuka kulingana na siku; Oktoba 2023 ilipangwa kuanzia yeni 7,900 hadi 10,900, na siku za bei ya juu ndizo zile ambazo umati unatarajiwa kufurika. Kwa lugha ya sokoni, foleni ndefu inauzwa ghali kuliko foleni fupi. Bidhaa duni haipandi bei namna hiyo.

Na bidhaa yenyewe imetengenezwa kwa ufundi. Hiyo ya Pooh, iliyofunguliwa Septemba 2000, ina magari yenye umbo la mtungi wa asali yasiyotembea juu ya reli. Yanaongozwa na kompyuta, yanazungukana kama maharusi ukumbini. Lakini kabla ya mtungi kuna kitabu. Foleni inapita katikati ya kurasa kubwa zilizosimamishwa wima, ndefu kuliko baba, na mtoto asiyejua kusoma anapitisha kidole kwenye herufi zenye ukubwa wa kichwa chake. Anafika mwisho wa ukurasa, watu hawasogei, anarudi kuanza upya. Karibu na mlango kuna kibanda cha bisi zenye ladha ya asali, na harufu yake huwafikia hata walioapa kwamba leo hawanunui kitu.

Bisi za Urayasu zinastahili aya yao. Kwingi bisi huliwa kwa chumvi, basi. Hapa zimewahi kuuzwa za bizari, za mchuzi wa soya na siagi, za karameli, hata za chai ya maziwa. Huwekwa ndani ya ndoo ya plastiki yenye mkanda wa kuvaa shingoni, nyingine zimefinyangwa zikawa mhusika wa katuni au mtungi wa asali, na bisi zikiisha ndoo hujazwa tena kwa bei nafuu. Mtoto anachota bila kutazama, kama mvuvi anayejua chambo kilipo. Lau kusingekuwa na foleni, nani angekula ndoo nzima ya bisi za bizari saa nne asubuhi?

Elimu pia imo. Hisabati ya kungoja ilianza mwaka 1909, pale Agner Krarup Erlang, Mdenishi aliyefanya kazi kampuni ya simu ya Copenhagen, alipochapisha hesabu zake kuhusu simu zinavyoingia kwenye mitambo. Mwaka 1961 John Little, Mmarekani, akathibitisha kanuni ambayo hata mtoto wa darasa la tano anaweza kuipiga akiwa amesimama: idadi ya walio kwenye mstari ni sawa na wanaoingia kwa saa mara saa wanazongoja. Ikiwa chombo kinabeba watu 1,200 kwa saa na mbele yako wapo 1,800, toa ndoo ya bisi, tulia. Una saa moja na nusu. Naye David Maister, katika makala yake ya mwaka 1985, alieleza kwamba muda wenye shughuli huonekana mfupi kuliko muda mtupu, na kwamba kungoja kusikojulikana mwisho kunachosha kuliko kungoja kulikotajiwa dakika. Ndiyo siri ya kile kitabu kikubwa, na ya kibao cha dakika.

Kibao chenyewe, wazoefu wanasema, hupenda kutia chumvi. Kinasema 90, familia inafika mlangoni kwa 75, na mama anatangaza ushindi wa dakika kumi na tano kana kwamba ameziokota njiani. Wakenya waliopiga kura ya mlolongo mwaka 1988, kwa kupanga mstari nyuma ya mgombea, watakumbuka hesabu za aina nyingine, za mgombea mwenye mstari mfupi kutangazwa mshindi mbele ya mwenye mstari mrefu. Urayasu hakuna aliyewahi kuitwa mshindi kwa kuwa wa mwisho.

Tazama pia foleni inavyokunjwa. Hainyooshwi kama uzi. Inapindwa kwa kamba na vyuma, huku na huku, kama utumbo wa mbuzi. Kwa hiyo familia inakutana na watu walewale kila baada ya dakika chache: yule bwana mwenye kofia ya masikio ya panya, yule bibi mwenye mwavuli, wale wasichana watatu waliovaa sare. Mswahili angekwama hapo. Mara ya kwanza angesalimia, mara ya pili angeuliza habari za tangu pale, mara ya tano angeishiwa. Mjapani anainamisha kichwa kidogo, anatazama kiatu chake, maisha yanaendelea.

Hapo ndipo foleni inapomfanyia kazi baba. Wajapani wana msemo wa mzaha kwamba siku ya mapumziko baba anatoa “huduma kwa familia”, kana kwamba ni zamu nyingine ya ofisini. Kwenye mabenchi ya bustani wapo akina baba waliopitiwa na usingizi huku wamekumbatia mabegi ya waridi. Foleni haiwaruhusu. Hakuna benchi wala kona ya kujificha, na chaji ya simu inaisha kwa kuangalia muda wa foleni nyingine. Kwa dakika 90 baba amebanwa kati ya kamba mbili na watoto wake mwenyewe, na mmoja wao anauliza maswali.

Kwa wachumba foleni ni kali zaidi. Kuna imani iliyoenea Japani kwamba wapenzi wakienda Disneyland siku za mwanzo za mapenzi yao wataachana, na sababu inayotolewa ni kungoja: maneno yanaisha, miguu inauma, tabia zinatoka. Lawama hiyo ni sifa iliyojificha. Mshenga anaweza kuficha kwa miezi kwamba kijana ana hasira za karibu. Foleni inalitoa jambo hilo hadharani kabla ya saa sita mchana, wala haidai kilemba.

Haina upendeleo, ila kwa kimo. Mchezo wa Big Thunder Mountain unataka sentimita 102, wa Splash Mountain 90. Mtoto wa sentimita 101 anasimamishwa penye kipimo, anakaza shingo, anavuta pumzi, anajaribu kurefuka kwa nia tu. Mhudumu anachuchumaa hadi macho yao yalingane, kisha anatikisa kichwa kwa adabu inayouma kuliko ukali. Dada mtu ana sentimita 110 na hana huruma.

Hata gwaride lina kungoja kwake. Familia hutandika mkeka wa plastiki barabarani muda usiozidi saa moja kabla, huvua viatu, hukaa. Watanzania waliopanga foleni ya sukari na sabuni miaka ya mwanzo ya 1980 waliacha jiwe au kikapu kishike nafasi, wakaenda kupika. Jiwe lilikuwa na haki kamili za mtu. Urayasu mkeka hauna haki hizo. Lazima abaki mtu juu yake, na kwa kawaida ni bibi.

Maadui hawakosekani. Tangu mwaka 2022 inauzwa huduma ya kupita njia ya mkato, kama yeni 1,500 hadi 2,500 kwa kila mtu kwa kila mchezo, na inanunuliwa kwenye simu. Mwenye nguvu mpishe, walisema wahenga, nao hawakuwa wamekiona kidole kikigusa kioo. Familia ya watu wanne ikiinunua mara tatu inaweza kumaliza yeni 30,000 ili ikwepe kile ilichokilipia getini. Wakati huo muuza samaki na meneja wa benki wanasimama bega kwa bega ndani ya utumbo wa mbuzi, ndoo shingoni, wakisikiliza swali lilelile la mtoto.

Saa tatu usiku bustani inafungwa, na umati wote unaelekea stesheni ya Maihama. Kwenye jukwaa la treni kuna alama sakafuni zinazoonyesha milango itakapofungukia, na familia zinajipanga penye alama bila kuambiwa. Mtoto wa sentimita 101 amelala mgongoni kwa baba, ndoo ingali shingoni, na bisi chache za bizari zimeteleza ndani ya kola ya shati. Treni inakuja, inajaa, mlango unajifunga mbele ya pua zao. Mama anageuka, anatazama mstari mrefu nyuma yake. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, wao ndio wa mbele.