Kwa Mliosema "Nitapamba Nikijenga": Mwongozo wa Chumba cha Kupanga Riyadh na Jeddah

Kwanza bandua ile kalenda. Ni ya kampuni ya kutuma pesa, ni ya mwaka juzi, na imekwama Februari. Ndilo pambo pekee kwenye ukuta wako wa Manfuha, Batha au Sharafiyya, na ukiulizwa unasema hapa ni pa kupita tu, utapamba ukijenga kwenu. Mkataba ulikuwa wa miaka 2. Ukaongezwa, ukaongezwa tena. Nyumba ya Kigamboni imefika kwenye linta na imesimama hapo, na wewe unalala na kuamka kwenye chumba ambacho mgeni akiingia hawezi kujua anayekaa humo ni mtu wa Tanga, wa Kisumu au wa Jinja. Miaka ya ughaibuni haikatwi kwenye umri. Inahesabiwa yote, na inastahili chumba cha kupendeza.

Wapo pia wanaokwenda kupiga picha kwenye majlis ya bosi, miguu imekunjwa juu ya mto wa dhahabu, kisha picha inatumwa kwenye kundi la familia. Mama mzazi anaamini. Mwezi unaofuata anaagiza friji. Huo ni upambaji wa gharama kubwa kuliko wowote nitakaoueleza hapa.

Na ile aibu ya vitu vilivyotumika, iondoe. Shati ulilovaa siku ya usaili ulilinunua Gikomba, au Karume, au Owino, na ulilichagua kwa jicho kali mpaka muuzaji akakuheshimu. Jicho hilo umelileta Saudia bila kulipia kilo. Fremu mpya ya dukani inatozwa kodi ya asilimia 15 tangu Julai 2020. Ile ya mnadani, yenye mbao nzuri zaidi, inangoja mtu wa kuinama kuiokota.

Riyadh, pa kuanzia ni Souq al-Zal, jirani na Qasr al-Hukm katika Deira. Metro iliyofunguliwa mwishoni mwa 2024 ina kituo pale pale, na nauli ni riyali 4. Humo mna mazulia, majoho, udi, madalla ya zamani (mabuli ya kahawa), vyetezo, vipande vya mikanda ya ngamia, na mchana ukipinda hunadiwa vitu vya kila namna. Usiende kununua siku ya kwanza. Nenda ukashike vitu na kusikiliza bei. Kwa vitu vikubwa, yaani viti, meza, makabati na fremu kwa mafungu, watu huenda mnada wa Haraj Bin Qasim, kusini mwa mji. Wa Jeddah hutaja Haraj al-Sawarikh, nao kusini, na kwa vitambaa na vikorokoro huzunguka Al-Balad, upande wa Bab Makkah. Masoko ya aina hii huhamishwa, basi muulize dereva kabla hujapanda gari. Ijumaa asubuhi usijisumbue. Mambo huanza baada ya swala.

Misimu ni miwili. Kabla ya Ramadhani na Idi, kaya nyingi hubadilisha samani, na za zamani hushuka ngazi. Halafu shule zikifungwa, familia za wageni wanaorudi makwao moja kwa moja huuza hadi pazia, na siku ya mwisho huacha vilivyobaki kando ya pipa. Mnadani uliza "kam?" (bei gani?), nyamaza, taja kasoro kwa sauti, kisha uliza "akhir kalam?" (neno la mwisho?) Ukitajiwa bei ya mwisho, anza kuondoka polepole. Ukiwa umeshafika mbali na hujaitwa, hiyo ndiyo bei kweli.

Kuna vitu hubebi hata ukipewa bure: godoro, mto, kochi la kitambaa. Kunguni hawana pasipoti wala hawahitaji viza. Kagua mishono na matundu ya misumari kwa tochi ya simu. Ukiona vidoa vyeusi vidogo kama wino, acha. Kitambaa unachokitaka sana kitoke mnadani ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, kiingie moja kwa moja kwenye mashine ya nyuzi joto 60. Kuanika juani peke yake hakutoshi, hata jua la Riyadh la Julai, maana mdudu hukimbilia mkunjo wa ndani.

Sasa kazi. Ya kwanza naipenda kuliko zote, na ina asili kwetu.

Nyumba za mawe za Lamu za karne ya 18 zilikuwa na zidaka, safu za vishubaka vya chokaa ukutani, ndani yake zimepangwa sahani na bakuli zilizovuka bahari. Makaburini Kunduchi, nje ya Dar es Salaam, sahani za Kichina zilipachikwa kwenye nguzo za wafu. Watu wa pwani walijua thamani ya sahani moja nzuri kutoka mbali, hata kama ilibaki peke yake kwenye seti. Mnadani Riyadh, sahani iliyobaki peke yake ndiyo inayouzwa kwa bei ya kutupa, kwa sababu wengine wanatafuta seti. Chukua hizo. Chukua na vifinjani vya kahawa visivyolingana, na kibuyu cha marashi kisicho na kizibo.

Mwenye nyumba hataki tundu ukutani, na amana yako iko mfukoni mwake. Basi kidaka kijengwe nje ya ukuta. Tafuta makasha ya mbao nyembamba yanayokuja na matunda ya nje. Muuza matunda huyavunja jioni. Manne yanatosha. Yapige msasa, yaunge kwa gundi nyeupe ya mbao, yabane kwa kamba usiku mzima. Kisha koroga jasi iwe nzito, pakaa kwa kisu kipana tabaka jembamba, na kabla haijakauka kabisa chonga ukingo kwa kijiko: mawimbi, vitone, nusu duara. Mkono ukitetemeka, ni sawa. Mafundi wa Lamu nao walikuwa na mikono. Ikikauka paka rangi nyeupe ya maji. Kisimamishe juu ya meza au sakafuni, kiegemee ukuta, kizito chini na chepesi juu. Sahani zisimame kwa msaada wa kijiti kilichogandishwa mbele. Usizibandike kwa gundi ya kuyeyusha. Gundi hiyo hulegea kwenye joto, na dirisha la Riyadh lenye jua la saa tisa ni joto tosha. Vijiti vyake vya akiba usiviache ndani ya gari pia, utakuta vimeshikana.

Jeddah ina adui mwingine. Riyadh iko juu, bara, kavu: mbao hupasuka, vumbi huingia hata dirisha likiwa limefungwa, hivyo pambo lenye manyoya na mikunjo mingi ni kujitafutia kazi ya kila asubuhi. Jeddah hewa ina maji na chumvi. Karatasi hujikunja, stika hubanduka, bati hushika kutu ndani ya wiki. Mtu wa Jeddah anayetaka kupamba makopo ya samli na mikebe ya tende aanze kwa kuyaosha kwa sabuni, kuyapangusa kwa siki ili mafuta yaishe, kuyakwaruza kwa msasa laini, kupaka rangi ya msingi ya chuma, halafu rangi yenyewe, halafu vanishi ndani na nje. Akiruka hatua moja, rangi itatoka kwa ukucha. Wa Riyadh anaweza kuruka vanishi ya ndani.

Mchoro wa kupaka juu ya mikebe hiyo usiutafute mbali. Wanawake wa Asir, kusini-magharibi mwa Saudia, hupamba kuta za ndani za nyumba zao kwa al-Qatt al-Asiri, mistari na pembetatu za rangi kali, kazi iliyoingizwa kwenye orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2017. Wao huchora kwa mkono huru. Wewe tumia selotepu ya karatasi kupata mstari ulionyooka, paka, subiri ishike kidogo, bandua taratibu. Rangi tatu zitoshe mara ya kwanza. Rangi ya kupuliza ipulizie nje, siku isiyo na upepo, na kabla ya hapo inua macho uone kama jirani ameanika kanzu.

Dalla ya zamani haihitaji ubunifu, inahitaji kutambuliwa. Nenda mnadani na sumaku mfukoni. Ikinasa, mwili ni chuma kilichopakwa rangi ya dhahabu. Ipanguse kwa kitambaa chenye maji tu, ukisugua utabaki na kopo. Isiponasa, huenda ni shaba: kata ndimu, chovya kwenye chumvi, sugua, suuza, kausha hapo hapo. Ndani usinywee kahawa, kwani bati la ndani la dalla nyingi za mnadani limeshakwisha na shaba tupu si chombo cha kinywaji. Iwe chombo cha kusimamishia vitu virefu vikavu.

Na vitu virefu vikavu viko barabarani. Mitende ya Riyadh ikipogolewa, makuti hulala chini yakingoja gari la taka. Mkindu wa kwetu na mtende ni ndugu wa ukoo mmoja, na majani ya mtende nayo husukika. Omba kwa mtunza bustani, chagua makuti ya ndani yaliyo machanga, vaa glavu kwa sababu chini ya kuti kuna miiba inayoingia mpaka mfupa. Chana majani, yaanike, kisha kabla ya kusuka yaloweke. Ya mtende ni magumu kuliko ukindu na yakikauka hukatika kwenye kona. Ukitaka rangi, chemsha na rangi ya vitambaa. Kama hukujifunza kusuka ukili kwa bibi, yupo dada wa Pemba au wa Lamu katika mji huo anayejua, na atafurahi kuulizwa. Anza na kawa ndogo. Itundike kwenye kamba ya pazia, au iwe kofia ya taa, na taa yenyewe iwe ya LED, isiyochemka.

LED hiyo hiyo ndiyo itakayokuwezesha kuwa na roshani. Wa Jeddah anajua: nyumba za kale za Al-Balad, mji ulioingia urithi wa dunia mwaka 2014, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na kuvishwa roshani za mbao zilizotobolewa, hewa iingie na mtu wa ndani aone nje bila kuonekana. Bayt Nassif, iliyokamilika 1881, ni ya kutazamwa kabla hujashika kisu. Simama chini, chora kwa penseli pambo moja tu linalojirudia. Nyumbani hamishia kwenye katoni nene la jokofu, kata kwa kisu cha karatasi chenye wembe mpya, ziba nyuma kwa karatasi nyembamba ya rangi ya asali, weka taa ndani. Mshumaa usiusogeze karibu. Vyumba vya kupanga vina mlango mmoja.

Kanga, usikate. Kama una fremu kubwa, ikunje ili jina na pindo vionekane, ivute na kuishikilia nyuma kwa pini za kubana karatasi. Siku ukihitaji kuivaa unaitoa. Kando yake weka kipande cha sadu, ufumaji wa wanawake wa Kibedui wa sufu na manyoya ya mbuzi na ngamia, ambao nao uliingia orodha ya UNESCO kwa jina la Saudia na Kuwait mwaka 2020. Mikanda mifupi iliyochakaa huuzwa Souq al-Zal kwa bei ya mabaki. Nyekundu ya sadu na nyekundu ya kanga hupatana vizuri sana, na ukuta hauhitaji kitu cha tatu.

Neno kwa dada wanaoishi ndani kwa waajiri, kwenye chumba kidogo cha stoo au cha juu darini. Kwenu mengi ya hapo juu hayawezekani: hakuna Ijumaa ya kuzunguka mnadani, hakuna mahali pa kukaushia jasi. Sindano inawezekana. Abaya iliyochakaa ina kitambaa kizuri cheusi, na juu ya cheusi kila uzi huonekana. Mto wa kiraka cha kanga na abaya hushonwa kwa jioni chache. Kitambaa cha kufuma kwa sindano ya kulabu, kama kile kinachofunika kochi la mama, hakihitaji ruhusa ya mtu. Lakini kitu cha nyumba, hata kikiwa juu ya pipa, omba kwanza, na uombe mbele ya mwingine. Kilichotupwa na kilichosahauliwa hufanana, na maneno ya "niliokota" yamewaingiza watu wema kwenye matatizo makubwa.

Siku ya kurudi, sahani zifunge ndani ya kanga na uzibebe mkononi. Dalla iingie katikati ya nguo, imejazwa soksi. Sadu haina uzito. Kidaka na mikebe mwachie anayechukua kitanda chako, umwonyeshe muuza matunda wa makasha yuko kona gani.