Ngiri Hana Zamu ya Usiku

Jirani, acha kunitazama hivyo. Macho haya mekundu si gongo. Ni ngiri. Yaani kumkosa ngiri.

Shemeji zangu ndio walioleta wazo. Eti twende Mikumi na ukoo mzima, tukalale kwenye hema. Mimi nalijua turubai la msibani tu. Nikauliza kitanda kinakaa upande gani. Wakacheka mpaka dereva naye akacheka. Nikabebeshwa maji, gesi, masufuria na kiroba cha sembe. Eti mimi ndiye mkuu wa msafara. Cheo hakina hata posho.

Sasa sikia hili. Barabara kuu ya Dar kwenda Mbeya inakatiza katikati ya hifadhi. Abiria wa basi anamwona tembo dirishani, anatafuna karanga zake, hajalipa kiingilio. Sisi tumelipa kiingilio, tukalipa na ada ya kulala chini. Unalipia kulala chini! Kwangu nalala chini bure kila mama watoto akinuna.

Mimi shida yangu ilikuwa ngiri tu. Kitimoto naijua ikiwa kwenye sahani, na ndizi na kachumbari. Nilitaka nimwone binamu yake akiwa na miguu. Shemeji mdogo akakunja uso. Kuangalia nako dhambi?

Tulifika giza linaingia. Wenzangu wakalala. Mimi nikakaa mlangoni mwa hema na tochi, maana mnyama wa porini si anatembea usiku? Mbu wakanila. Fisi akalia, nikavaa sufuria kichwani. Saa nane hivi, kitu kikakoroma nyuma ya hema. Nikazima tochi. Nikanong'ona, "Njoo mzee, njoo, usiogope."

Alikuwa baba mkwe. Ametoka kujisaidia.

"Shikamoo baba."

"Marahaba." Akaniangalia na sufuria langu. "Umekunywa nini?"

Kulipokucha usingizi ukanibeba. Ndipo wakaja! Familia nzima, mikia wima, wakapiga magoti ya mbele wakala majani pale pale jikoni kwetu. Ndivyo wanavyokula, kwa magoti. Shemeji akapata muda wa kuhesabu vinundu usoni: dume vinne, jike viwili. Mama mkwe akapiga picha. Na mimi nimo. Mguu wangu umetokeza nje ya hema, soksi imetoboka, ngiri anaunusa. Picha iko kwenye grupu la ukoo. Mpaka wa Tukuyu wameiona.

Askari wa hifadhi akanionea huruma. Akasema ngiri ana saa za kazi kama karani wa serikali: jua likizama, kafunga ofisi. Analala shimoni, mara nyingi shimo alilochimba muhanga akaliacha. Anayezurura usiku ni nguruwe pori, yule mwenye manyoya mengi anayemaliza mahindi ya watu shambani. Sasa mimi ningejuaje? Kwenye risiti hawakuandika.

Kwa hiyo jirani, ukienda kumtafuta ngiri, usiku lala. Na shimo ukiliona usiinamie kuchungulia. Huwa anaingia kinyumenyume, meno yanatazama mlangoni. Akiamua kutoka, hapigi hodi.