Jinsi ya kupata saini ya mwenyekiti wa jumuiya

Harusi imekaribia, au mtoto ametimiza miezi minne na bibi yake kila akipiga simu anauliza atabatizwa lini. Umekwenda ofisi ya parokia ukapewa fomu. Chini kabisa ya fomu pana mstari wa nukta unaosubiri saini ya mwenyekiti wa Jumuiya Ndogo Ndogo ya Kikristo, na wewe hujui hata jumuiya yako inaitwa kwa jina la mtakatifu gani. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yako. Hatua zake zinafanya kazi, hazihitaji kujuana na paroko, na gharama yake haizidi kilo ya mchele na mche wa sabuni wa kumpelekea mgonjwa. Sharti ni moja tu: uzianze miaka mitatu kabla hujaihitaji hiyo saini.

Tafuta nyumba kwanza. Katika parokia nyingi za mijini Tanzania, jumuiya husali Jumamosi asubuhi na mapema, kabla watu hawajatawanyika kwenda sokoni na kazini, na zamu huzunguka nyumba kwa nyumba. Toka saa kumi na mbili, mfuate mama aliyejifunga kitenge na kushika rozari. Ukifika sema "Tumsifu Yesu Kristo", uitikiwe "Milele amina", kisha kaa pale utakapoonyeshwa, hata kama ni kwenye jamvi na suruali yako imenyooshwa kwa pasi. Kiti cha karibu na geti kiache. Wanaokaa pale huondoka kabla ya matangazo, na matangazo ndipo utakapojua nani amelazwa, nani amefiwa, nani amejifungua, na zamu ya kusafisha kanisa imeangukia kwa nani.

Usidhani umeingia kwenye kikundi kilichojizukia mtaani. Maaskofu wa nchi za AMECEA, umoja wa maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki, walikutana Nairobi mwaka 1973, wakakutana tena hapo hapo mwaka 1976, wakakubaliana kwamba uhai wa Kanisa katika ukanda huu utasimama juu ya jumuiya ndogo, mahali watu wanapofahamiana kwa majina. Mwaka 1979 waliirudia hoja hiyo kule Zomba, Malawi. Askofu Christopher Mwoleka wa Rulenge hakungoja azimio la mkutano. Alikwenda kuishi na wanakijiji wa ujamaa wa Nyabihanga. Na Sinodi ya Afrika ilipokutana Roma mwaka 1994, katika picha zote za kulieleza Kanisa iliichagua hii: Familia ya Mungu. Yohane Paulo II akaliweka hilo katika waraka wake Ecclesia in Africa, alioutia saini Yaoundé Septemba 1995. Kwa hiyo yule mama anayekusogezea kigoda na kukuuliza "wewe ni wa nyumba ipi, baba?" anatekeleza jambo ambalo maaskofu wa bara zima walikaa wakalipima.

Sasa rozari. Kama mara yako ya mwisho kuisali ilikuwa kipaimara, jua kwamba tangu mwaka 2002 kuna matendo ya mwanga, lakini hayo ni ya Alhamisi. Jumamosi ni furaha. Ukipangiwa kuongoza tendo la pili, Maria anapokwenda kumtembelea Elisabeti, liongoze taratibu, maana hilo ndilo tendo ambalo jumuiya italifanya kwa miguu mkimaliza kusali. Kuna bibi kizee mwenye kisukari nyuma ya shule, mtakwenda. Usiseme una kikao. Mkifika, wanawake wataingia ndani kumsalimia, mmoja atachota maji, mwingine atafagia uwanja bila kuombwa. Wewe mgeni kaa karibu na kitanda, mwamkie shikamoo, umwache aeleze tangu mguu ulipoanza kuvimba. Atakueleza kwa kirefu. Ni hapo, wala si kanisani, utakapojua kama sala yako imefika mahali.

Likifika somo la Injili, huenda mkafuata zile hatua saba zilizotoka Taasisi ya Lumko ya Afrika Kusini: kumkaribisha Bwana, kusoma, kurudia neno lililokugusa, kunyamaza, kushirikishana, kujadili kazi ya kufanya, kusali. Wanaume wasomi hukwama kwenye hatua ya kushirikishana, wakaigeuza mhadhara. Wewe sema sentensi mbili juu ya maisha yako mwenyewe, uketi. Na mama yule ambaye maombi yake huanza na Baba Mtakatifu, yakapitia wote wanaosafiri na kuishia kwa kuku wake waliopotea, usimtazame kwa jicho la saa. Siku mtoto wako akilazwa, jina lake litakuwemo katika maombi hayo, na litatajwa kila Jumamosi mpaka apone.

Katika yote, pokea Bikira Maria nyumbani kwako mwezi wa Oktoba. Sanamu huhamishwa kutoka nyumba hadi nyumba kwa maandamano ya jioni, na familia inayompokea hutandika kitambaa cheupe juu ya meza, huweka maua na mishumaa, hufungua mlango. Nilikuwepo kijana mmoja alipokuja na fomu ya ndoa mkononi, Jumamosi ya katikati ya wiki zake za matangazo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Unakaa wapi?"

"Hapo kwenye geti jeusi."

"Geti jeusi?" Mwenyekiti aliwageukia kina mama. "Si ndipo tulipompeleka Bikira Maria mwaka jana, mlinzi akasema wenyewe hawataki usumbufu?"

Hapakuwa na aliyecheka. Mama mmoja alisema tu kwamba siku ile mvua ilikuwa inanyesha, na sanamu waliifunika kwa khanga wakaenda nyumba iliyofuata. Kijana alivuta benchi akaketi. Walikuwa wamekwenda kumtafuta mwaka mzima kabla yeye hajawatafuta, na hilo ndilo wengi wenye mageti hawalijui.

Kuhusu fedha, nitasema wazi, maana hapa ndipo watu huumia. Changia. Zaka, mavuno, ujenzi, rambirambi: toa kadiri ulivyojaliwa, na usiwe mtu wa kusubiri fomu ili ulipe madeni yote kwa mpigo. Lakini mwenyekiti naye asikie. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 848, inamkataza mhudumu kudai zaidi ya sadaka iliyowekwa na mamlaka halali, na inamtaka aangalie daima wahitaji wasikose sakramenti kwa sababu ya umaskini. Kanuni ya 1181 inasema vivyo hivyo juu ya maziko. Jumuiya inayofungua daftari la michango mbele ya jeneza, ikaanza kuhesabu miezi ambayo mjane hakutoa, imewasahau wale iliowekwa mahali hapo ili iwatunze. Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu nimesimama kwenye msiba wa namna hiyo, na mjane aliinamisha kichwa mbele ya watoto wake.

Saini yenyewe ina sababu njema. Kanuni ya 868 inataka, mtoto anapobatizwa, pawepo tumaini la kweli kwamba atalelewa katika imani Katoliki. Paroko mwenye waamini maelfu atalijuaje tumaini hilo? Anamuuliza anayekuona kila Jumamosi. Mwenyekiti akiweka jina lake pale chini anasema: huyu namfahamu, nyumba yake naijua, mtoto wake nitamwona akikua. Ni ushahidi wa jirani. Asiyekufahamu akisaini anadanganya, na ukimshinikiza kwa mfuko wa sukari unamsukuma katika uongo huo.

Kwa hiyo nenda wakati huna shida yoyote. Nenda kwenye misiba ya wengine, kaa usiku kwenye jamvi, sali rozari na wafiwa, beba maji, chimba kaburi kama una mgongo. Mara ya kwanza watakuita "yule mgeni". Baadaye watakuita kwa jina la mtoto wako wa kwanza. Siku ya somo wa jumuiya, kama ni Mt. Karoli Lwanga basi tarehe 3 Juni, utapangiwa kuleta kreti ya soda bila kuulizwa kama unaweza, na hapo tayari umo.

Ukiwa umefika hapo, peleka fomu. Mwenyekiti atasaini akiwa amesimama, fomu akiwa ameiegemeza kwenye goti au ukutani, huku akikuuliza habari za mama yako kijijini. Hiyo itachukua dakika moja. Kisha atakuambia kwamba katibu wa jumuiya amehamia Dodoma, kwamba wewe una mwandiko mzuri, na kwamba wamekwisha kulizungumza. Kubali. Jioni hiyo hiyo nunua kaunta buku, lile la zamani limebaki kurasa mbili, na mahudhurio ya Jumamosi ijayo utayaandika wewe.