Nukta Isiyohama

Mjomba wangu huuza ndizi Nyakoe, kando ya barabara ya Kisii kwenda Kisumu. Kosa langu lilikuwa kumwambia kwamba chuoni nasoma hesabu zisizo na namba.

"Hesabu gani hizo?"

Mvua ya alasiri ilikuwa imetufungia hotelini, sina pa kukimbilia. Nikasogeza kikombe cha chai. Nikamweleza kwamba karibu mwaka 1911 Mholanzi mmoja, Brouwer, alithibitisha hivi: koroga chai upendavyo, iache itulie, lazima kuna nukta angalau moja iliyorudi palepale ilipokuwa kabla hujatia kijiko.

"Ipi?"

"Nadharia haisemi ipi, mjomba. Inasema tu ipo."

Akanitazama kama anavyomtazama mteja anayesema pesa ziko kwenye simu ila mtandao unasumbua.

Nikabadili mfano. Chukua abiria wa matatu, nikasema, konda awasogeze... Akanikatiza. Asubuhi hiyohiyo konda alikuwa amewahamisha wote. Yeye mwenyewe alitolewa dirishani akakalishwa juu ya gunia la mbolea. Hakubaki hata mmoja mahali pake. Mfano ulikuwa mbovu, nakiri. Abiria huruka viti, na Brouwer hataki kuruka: waliokuwa jirani wabaki jirani, wavutane bila kukatika, kama chai.

Basi nikairudia chai, safari hii nikikoroga kwa mbwembwe za mhadhiri. Robo ya kikombe ikamwagika kwenye daftari la madeni la mjomba. (Hilo nalo ni sharti la nadharia: kisitoke kitu nje ya kikombe.)

Mjomba akapangusa ukurasa kwa kiganja, taratibu, hadi wino ukageuka tope la samawati.

"Hapa pana mtu ana shilingi 800 zangu," akasema. "Najua yupo. Jina ndilo limekwenda na chai yako. Sasa niambie, mwanachuo: nimelipwa?"

Sikuwa na jibu. Baadaye nikasoma kwamba Brouwer mwenyewe kwa miaka mingi alipinga uthibitisho wa namna hiyo, unaosema kitu kipo bila kuonyesha kilipo, na mwaka 1952 akachapisha makala ya kusahihisha nadharia yake mwenyewe ya nukta isiyohama. Yeye na mjomba wangeketi meza moja bila ugomvi.

Siku ile nililipa vikombe vitatu vya chai, mandazi manne, na shilingi 800 za mtu nisiyemjua.